Vikombe Vitatu vya Bwana Pua

Bia iliyopewa nafasi ya kwanza ilinuka gunia bichi. Tusizungushe maneno. Kila aliyepitishiwa kikombe pale kwenye uwanja wa kiwanda aliisikia harufu ile, harufu ya gunia lililonyeshewa likasahauliwa nyuma ya mlango. Kila mtu alimtazama jirani yake, kisha wote wakaitazama meza ya majaji. Mezani walikaa watu watatu, na wa katikati alikuwa Bwana Pua. Sasa kama Bwana Pua kasema hii ndiyo bia, wewe ni nani useme ni gunia?

Jina hilo hakujipa mwenyewe. Alikuwa mwonjaji wa kiwanda cha bia tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na hakuna pipa lililotoka langoni kabla hajainamisha uso juu yake, akavuta pumzi, akasema "liende" au "limwagwe". Watu walisimulia kwamba siku moja aliingia stoo akasema kuna panya amekufa chini ya shehena ya mwisho, wakapakua, wakamkuta. Huenda walipiga chuku. Lakini ajira yake, heshima yake na nyumba ya vyumba viwili waliyopewa kwenye kota za kiwanda, vyote vilisimama juu ya pua hiyo moja.

Kila mwaka kiwanda kiliwaita watu wanaopika bia nyumbani waje kushindana, na mshindi alipewa kibanda cha langoni awauzie wafanyakazi mwaka mzima. Kibanda hicho ni maisha. Na mwaka huu aliyepewa ni dada yake Bwana Pua, tena dada wa tumbo moja. Hapo ndipo maneno yalipoanza.

"Dada yake!" Mama Mapipa alipiga kelele akiwa amesimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni. Huyu alikuwa mjane aliyesomesha watoto wake kwa bia iliyokuwa ikichemka kwenye mapipa ya bluu uani kwake, na mwaka huu alikuwa amepewa nafasi ya pili. "Mnatufanya sisi wajinga? Nuseni hicho kikombe! Hilo ni gunia, siyo bia! Ningeshindwa na bia ningenyamaza. Sitashindwa na gunia!"

"Mama, taratibu," alisema msimamizi wa kiwanda.

"Taratibu ya nini? Mwambie huyo bwana aonje tena, mbele yetu, kwa vikombe vitatu!"

Vikombe vitatu ni mtihani wa vijana wanaoomba kazi. Viwili hujazwa kutoka pipa moja, cha tatu kutoka pipa lingine, na mwonjaji hutakiwa kukitoa kile kisicho cha wenzake. Kumtaka Bwana Pua, aliyewafundisha wote mtihani huo, aufanye yeye, ilikuwa kama kumvua shati hadharani. Watu walingoja amjibu kwa dharau kama kawaida yake.

Bwana Pua alitoa leso mfukoni. Alikunja leso yake, akaikunjua, akaikunja tena. Mke wake, aliyekuwa amesimama upande wa wanawake, hakuondoa macho kwenye leso hiyo.

"Jumamosi," alisema msimamizi mwishowe. "Tutaweka vikombe Jumamosi, yaishe."

Jioni wifi yake, yule dada wa Bwana Pua, alikuja nyumbani, na hakuwa na uso wa mtu aliyeshinda. Alikaa ukingoni mwa kiti, kanga imekazwa kifuani.

"Wifi, hongera basi," mke wa Bwana Pua alimwambia.

"Hongera ya nini? Kaka yuko wapi?"

"Anaoga."

Wifi akainama, akashusha sauti. "Wifi yangu, kimea changu cha kupikia bia kilinyeshewa. Nilikianika, lakini gunia lilishapata ukungu. Nilikuja kushindana ili nisionekane nimekimbia. Nilijua mimi ni wa mwisho. Nilipoitwa wa kwanza nikadhani wananitania."

"Hukumwomba kaka yako akubebe?"

"Haki ya Mungu tena! Kaka yupi wa kuombwa? Mwaka juzi si alinipa ya mwisho mbele ya watu, na nilikuwa na ujauzito? Kaka hana huruma kwenye bia. Ndiyo maana nauliza. Ana nini?"

Mke wa Bwana Pua alisema hana kitu, amechoka tu. Lakini wifi alipoondoka, alibaki amesimama jikoni ameshika mwiko bila kuwa na cha kukoroga. Alianza kukumbuka. Shati la jasho ambalo mumewe alilivaa mara mbili, yeye aliyezoea kurudisha hata foronya iliyokosa jua. Maua aliyoyapita mlangoni. Na mpira wa gesi, ambao yeye alisema umezeeka ubadilishwe, na mumewe akainama, akavuta pumzi juu ya mtungi, akasema mzima huo, hauvuji. Majirani wao hupaka povu la sabuni kwenye mpira ili waone kama unatoa mapovu. Nyumba hii haijawahi kufanya hivyo. Sabuni ya nini, na Bwana Pua yupo? Wazo la mpira lilipita haraka, likafunikwa na lile kubwa zaidi, na hakulirudia tena. Laiti angelirudia!

Alichukua kitambaa, akakilowesha mafuta ya taa, akakikunja na kukiweka chini ya sahani ya mumewe. Chakula kikapakuliwa juu yake.

Bwana Pua akaja, akanawa, akala. Alikula kwa hamu kabisa. Alisogeza sahani karibu na kifua, akamsifia mkewe kwa mchuzi, akaomba aongezewe. Mkewe alikuwa akimtazama huku macho yanamlenga machozi.

Hapo binti yao, fundi cherehani aliyekuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka kazini, akafungua mlango. Hakufika hata katikati ya chumba. "Mama! Mafuta ya taa yamemwagika wapi? Nyumba nzima inanuka!"

Bwana Pua aliacha kutafuna. Alimtazama binti, akamtazama mkewe, kisha polepole akanyanyua sahani na kukiona kitambaa. Alikaa hivyo, sahani mkononi.

"Tangu lini, baba watoto?" mkewe aliuliza.

"Umenitega."

"Nimekutega. Tangu lini?"

"Tangu yale mafua." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mafua yalipoondoka, yaliondoka nayo. Nilidhani itarudi. Kila asubuhi naamka nanusa sabuni, nanusa viatu, nanusa kila kitu. Hamna. Ulimi bado unajua chumvi na sukari na uchungu. Harufu, hamna kitu kabisa."

"Sasa uwanjani ulihukumu na nini?" binti aliuliza.

Bwana Pua akacheka, kicheko kibaya. "Nyuso. Wale majaji wenzangu wawili si niliwafundisha mimi? Nikasema nitawaangalia usoni. Ikiwa mbaya watakunja pua, nami nitakunja. Kikaja kikombe cha shangazi yako. Nikawaangalia. Wametulia kabisa. Nikatulia. Nikasema, kumbe nzuri hii. Nikaipa alama ya juu, nao wakaweka hiyo hiyo." Akaweka sahani chini. "Kumbe na wao walikuwa wananiangalia mimi."

Hakuna aliyecheka. Mke aliondoa kitambaa, akakitupa nje, akarudi kukaa karibu na mumewe.

"Nenda kwa msimamizi kesho. Mwambie umeugua. Mama Mapipa apewe haki yake."

"Na sisi tupewe nini? Mwonjaji asiye na pua ni wa kazi gani? Wiki haiishi tunafungasha vyombo. Tutakwenda wapi, kwenu?"

"Lakini watu wanasema umempendelea dada yako. Wanakuita mwizi, baba!" binti alisema.

"Waite. Mwizi bado ana pua. Mwizi wanaweza kumkasirikia leo na kumwamkia kesho." Alinyanyuka. "Neno hili lisitoke nje ya mlango huu. Mnanisikia? Lisitoke!"

Binti akaurudisha mlango aliouacha wazi, na hiyo ikawa ndiyo yao.

Siku zilizofuata, kota nzima ilikuwa na maneno ya chini chini. Mke wa Bwana Pua akifika bombani, mazungumzo yalikatika, ndoo zikaanza kujazwa kwa bidii ya ajabu. Mmoja alimuuliza kwa sauti ya asali, "Na kibanda mtauza zamu na wifi yako, au wako ni mgawo tu?" Wengine wakaangalia chini wakibana vicheko. Alitwika ndoo yake na kuondoka, na maji yakamwagikia shingoni njia nzima. Kitu kimoja kingemsafisha, na kitu hicho hicho kingewatupa nje ya nyumba. Alifika, akatua ndoo, akamkuta mumewe ameketi na bilauri tupu, anaishika, anaiachia, anaishika tena, kama kipofu anayejifunza uso wa mtu.

"Unafanya nini?"

"Nafikiri," alisema. Usoni mwake kulikuwa na utulivu ambao mkewe hakuupenda hata kidogo.

Jumamosi mke na binti walitoka mapema, wakapate pa kukaa uwanjani. Bwana Pua alisema watangulie. Alibaki peke yake, akafunga madirisha kwa sababu ya vumbi la kiwanda, akajipikia chai kwa gesi. Alikunywa nusu. Alizima jiko, lakini mtungi aliuacha wazi. Kufunga mtungi ilikuwa kazi ya mkewe siku zote. Kisha akavaa koti lake la kazi, akafunga mlango kwa ufunguo na kwenda.

Uwanja ulifurika. Vikombe vya bati vilikuwa mezani, vimefunikwa. Viwili vimejazwa kutoka pipa la Mama Mapipa, kimoja kutoka pipa la wifi. Mama Mapipa alikuwa ameleta bia yake mwenyewe kwa mkokoteni, pipa limepigwa jua njia nzima. Pipa la wifi, kama desturi ilivyo kwa bia iliyoshinda, lilikuwa limetunzwa kwenye chumba cha baridi cha kiwanda tangu siku ile. Mtu yeyote angeweza kuliona tatizo hilo. Hakuna aliyeliona, maana kwa Bwana Pua watu walifikiria pua, hawakufikiria vidole.

Yeye alikuwa amefikiria vidole.

Akainua kikombe cha kwanza, akakishika kwa viganja vyote viwili, akainamisha uso, akavuta pumzi ndefu iliyosikika mpaka nyuma. Cha pili hivyo hivyo. Cha tatu hivyo hivyo. Watu walikuwa wakiitazama pua. Mke wake peke yake alikuwa akitazama viganja, na alipoona vimeganda kwenye kikombe cha pili muda mrefu kuliko kwenye vingine, akaelewa. Alitaka kufurahi, furaha ikagoma.

"Hiki," alisema Bwana Pua. "Hiki siyo cha wenzake."

Msimamizi akageuza kikombe, akasoma alama iliyokuwa chini yake, akakinyanyua juu. "Kapatia!"

Uwanja ulilipuka. Kofia zilirushwa. Wale waliosema mwizi ndio waliopiga makofi zaidi.

Lakini Mama Mapipa hakuondoka. "Sawa, kakijua. Sasa aseme. Hicho kikombe kinanuka nini?"

Hapa angeweza kusema hewaa, mama, nilikosea siku ile. Angeweza. Jamani, njia ilikuwa wazi mbele yake! Angempa mjane haki yake na kubaki na kazi yake. Lakini mtu aliyeshangiliwa baada ya kuchekwa wiki nzima hana njia ya kurudi nyuma. Alikinyanyua kikombe, akakinusa kwa madaha, akafumba macho.

"Kinanuka kimea kilichokaangwa vizuri," alisema. "Aliyesikia gunia, gunia liko puani mwake."

Watu wakaangua kicheko. Mama Mapipa alikichukua kikombe, akanusa. Akanusa tena. Akatazama watu wanaocheka, akatazama kikombe.

"Kapimwe pua, mama!" kijana mmoja alipaza sauti.

"Labda," alisema Mama Mapipa, na sauti yake haikuwa ile ya siku zote. "Labda ni uzee. Labda mimi ndiye siku hizi sisikii vizuri." Akaweka kikombe mezani kwa uangalifu, akajipangusa mikono kwenye nguo kana kwamba alishika uchafu.

Mke wa Bwana Pua alinyanyuka nusu. Binti akamshika mkono. Akakaa. Ile nusu ya kunyanyuka aliijutia mpaka kesho yake, na wala sijui alijutia kunyanyuka au kukaa.

"Na wale vijana wawili wa meza ya majaji tuliokuwekea wakusaidie," msimamizi alisema akimpiga Bwana Pua begani, "wa nini tena? Kuanzia Jumatatu nawapeleka stoo. Mapipa yote yapite kwako. Wewe peke yako unatosha."

Bwana Pua alitabasamu. Mkewe hakutabasamu.

Walirudi kwa maandamano. Bwana Pua mbele, kichwa kimemvimba, anapiga mluzi. Msimamizi alikuwa pembeni yake, majirani nyuma yao, na mke na binti nyuma kabisa. "Karibuni chai!" aliwaambia watu wote. "Leo napika mwenyewe! Mke wangu apumzike, wiki nzima mmemsonga bombani." Wanawake wa bombani wakacheka kwa aibu. Alifungua mlango, akaingia, akaurudisha nyuma yake nusu. Msimamizi alibaki kizingitini akivua viatu.

Mke alikuwa bado njiani kwa sababu Mama Mapipa alikuwa amemfikia na kumshika kiwiko.

"Nimekuja kumwomba mumeo radhi," alisema mjane. "Nimemtukana mbele za watu. Nilikuwa na uhakika, mwenzangu. Nilikuwa na uhakika kabisa. Nikirudi nyumbani nitamwaga mapipa yote, maana kama siwezi kunusa gunia, nitajuaje kinachochemka? Nitamuua mtu bure."

"Usimwage, mama." Mke alimshika mkono. "Usimwage kitu. Subiri kwanza, nina neno la..."

Hakulimaliza, kwa sababu walikuwa wamefika mlangoni.

Harufu ilimpiga usoni. Nzito, tamu, ya kuchefua, iliyokuwa imefungiwa ndani tangu asubuhi na sasa inatoka kwa ule mlango wa nusu. Mama Mapipa naye akasimama. Mkono wake ukapanda kuelekea puani. Kisha, kwa aibu, akaushusha. Alishaambiwa leo pua yake haifai.

Msimamizi, kiatu kimoja mkononi, alikunja uso. Akavuta hewa. Akachungulia ndani, akamwona Bwana Pua anapanga vikombe huku anapiga mluzi wake, na uso wa msimamizi ukatulia. Kama kungekuwa na kitu, si Bwana Pua angekuwa wa kwanza kukijua? Majirani nao walimwona msimamizi ametulia, wakatulia. Walisimama wote pale katika harufu ile, watu wazima na akili zao, kila mmoja akimtazama mwenzake.

Ndani, Bwana Pua alitikisa kiberiti karibu na sikio, akaridhika, akatoa kijiti.

Mke wake alijua. Alijua kwamba akipiga kelele, nyumba imekwenda, kazi imekwenda, na jina lile litageuka kuwa mzaha wa watoto. Alilijua hilo lote kwa mara moja, na mdomo wake haukungoja ruhusa.

"Usiwashe! Gesi! Baba watoto, usiwashe, gesi imejaa nyumba nzima!"

Alimpita msimamizi kwa bega, kiatu kikaanguka. Watu walianza kurudi nyuma, wengine kukimbia. Bwana Pua aligeuka polepole, kijiti kimegusa ubavu wa kiberiti, na juu ya uso wake hapakuwa na hofu yoyote, ila mshangao tu wa mtu aliyekatizwa katikati ya jambo jema.

"Gesi gani?" aliuliza.

Mkewe akampokonya kiberiti. Mlangoni msimamizi alikuwa amejifunika uso kwa leso, macho yake yakimtazama Bwana Pua, ambaye alikuwa bado amesimama katikati ya chumba anapumua vizuri kabisa. Na nyuma ya msimamizi Mama Mapipa aliurudisha mkono wake puani, na safari hii hakuushusha.